Tonge la Karani wa Masjala

Karani wetu wa masjala hula upande wake tu wa sinia letu la pamoja, vidole vyenye wino vikichana mkate laini wa injera vipande sawasawa kama anayepanga mafaili. Tangu agombane na Zenebech, mpiga chapa ambaye sasa anakula peke yake dirishani, upande wa Zenebech hauguswi. Ukiunyooshea mkono, karani anakohoa. Sikumwelewa, maana hata salamu hawapeani. Ijumaa, siku ya mfungo wa kutokula nyama, alikunja tonge nono la dengu akalipeleka dirishani, kiganja cha pili kikikinga mchuzi. Zenebech akatazama nje. Sote tuliacha kutafuna, maana tonge la kulishwa likikataliwa, suluhu haipo tena.

“Mkono utachoka,” Zenebech akasema.

“Umeshachoka, dada. Fungua mdomo.”

Akafungua. Nikasogeza kiti changu, Zenebech apate pa kukaa kwenye sinia.