Sentensi Yangu Moja ya Hofu

Kiingereza nilikisoma Mtwara, kwa mwalimu mwenye fimbo. Sentensi moja alitukaririsha mpaka ikaganda kichwani: I was scared out of my wits. Yaani nilishtuka ghafla mpaka akili zikaniruka. Hiyo niliiandika bila kosa hata moja na nilijiona bingwa, wallahi.

Tuliporudi nyumbani, ng'ambo ya mpaka, baada ya vita kutukimbiza, walikuja wageni wanaotafuta watu waliopotea. Kila familia ilete declaração, maelezo ya siku ile kijiji kiliposhambuliwa, kwa Kireno au Kiingereza. Mtaani kwetu aliyejua kuandika Kiingereza ni mimi tu, basi nikatoa meza barazani, watu wakapanga foleni. Waliotoka Nhica, waliokimbilia Macaloe, wote niliwaandikia. Kila nilipofika pale risasi zinapoanza, naweka sentensi yangu. Iko sahihi, ya nini kuhangaika?

Mama mdogo alikuja mwisho. Binti yake wa pekee hajaonekana tangu siku ile.

"Mwanangu, mimi sikushtuka," akaniambia. "Nilikuwa napalia mihogo. Niliposikia milio nikadhani ni mazoezi ya wanajeshi, nikaendelea na jembe langu. Binti yangu akasema mama, twende. Nikamwambia atangulie. Andika hivyo hivyo."

"Mama mdogo, wageni hawataelewa hayo," nikasema. Kusema kweli, niliona aibu kwa niaba yake. Nikaandika sentensi yangu.

Baada ya wiki mbili karatasi zikarudi zote. Mkalimani wao, mama mmoja kutoka kusini, alinionyesha mstari uleule umepigiwa wino mwekundu, karatasi baada ya karatasi.

"Senhor, wanasema haya yametungwa na mtu mmoja. Hawawezi kumtafuta mtu kwa karatasi hizi. Nao kesho wanaondoka."

Mjinga mimi! Watu walinipa siku zao mbaya kuliko zote, nami nikazifanya zoezi la darasani.

Nikaenda kwa mama mdogo nikamweleza yote. Hakufoka, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Kwani uliandika nini?" akauliza.

Nikamsomea, nikamfasiria. Akautazama mlango.

"Ningeshtuka hivyo, mwanangu," akasema, "ningekimbia naye."

Nikatoa karatasi nyingine. Wageni watarudi lini, hakuna ajuaye. Nikamwomba aanze upya, kwenye mihogo.