Pafu Linalopumua Nje ya Mwili

Siku hizi redio za watu binafsi zimefika mpaka buchani. Juzi, hapa Korogwe, redio ya mwenye bucha ilieleza kuwa madaktari Ulaya wanatoa pafu la nguruwe, wanaliweka kwenye chombo cha kioo na kulipulizia hewa kwa mashine mpaka linapumua nje ya mwili. Wakishazoea, watapima hivyo pafu la marehemu kabla ya kumpandikizia mgonjwa.

"Nguruwe tena!" mteja mmoja akasonya.

Mama mmoja, mfugaji wa Handeni, hakugeuka. Alikuwa akibonyezabonyeza pafu la ng'ombe kwa kiganja, akitafuta uvimbe, kama wafugaji wafanyavyo kabla ya kununua. "Wana akili hao," alisema. "Utampaje mtu kitu hujakishika?"

Nyuma yake mzee mmoja, aliyezeekea kwenye mashine ya kusugua mkonge, alikohoa, akasubiri kifua kitulie.

"Kweli wana akili, mama," akasema, bila uchungu wowote. "Wao wanajaribu kwanza nje. Sisi lile vumbi la mkonge lilijaribiwa humu humu kifuani."

Mwenye bucha akaongeza sauti ya redio. Yule aliyesonya akasogea karibu nayo.