Rauta Iliyoombewa

Miaka hiyo nilikuwa nafanya kazi nyumbani Kitale, natafsiri vijitabu vya kilimo na kuvituma Nairobi kwa mtandao. Ofisi yangu ilikuwa kona ya chumba cha wageni, na rauta, kile kisanduku cha mtandao, ilikaa juu ya kabati la nguo. Ilikuwa imezeeka. Ilipata moto hadi ungeweza kukaushia soksi juu yake, kisha taa zake zinazima, nami napanda kiti kuipepea kwa kifuniko cha sufuria.

Mama mkwe alipotoka Mabanga kuja kututembelea, tulimpa chumba hicho hicho. Asubuhi moja alinikuta juu ya kiti nikipepea, karibu nilie, maana kijitabu cha magonjwa ya mahindi kilitakiwa siku hiyo.

"Hiyo kitu iko na malelia," akasema. "Shuka."

Akapanda yeye. Nilikishika kiti kwa nguvu, nikiwaza nitamwambia nini mume wangu mama yake akianguka kwa ajili ya mtandao. Akaweka kiganja juu ya rauta, akafumba macho, akaomba kwa Kibukusu, kwa sauti ya kanisani. Alipofika kwa "Amina", taa zote zikawaka.

Najua ilikuwa imepoa tu. Lakini ilipozima tena, nilipepea, nikachomoa waya, nikachomeka, wapi! Nikaenda kusimama mlangoni pa jikoni. Mama akaifuta mikono kwa leso, akaja.

Ikawa desturi. Mume wangu, mwalimu wa fizikia, alinicheka sana, mpaka siku aliyotaka kutuma mtihani wa shule.

"Mama," akasema kwa upole, "uko na nafasi kidogo?"

Mwishowe mama akagoma. Alikuwa anachambua mboga, hata hakuinua kichwa. "Mungu iko na wagonjwa, iko na mayatima, na mimi kila saa namwambia lauta, lauta. Hata yeye amechoka. Si mnunue ingine?"

Basi nilipomrudisha kwake, tulipitia duka la vifaa vya umeme mjini Bungoma. Muuzaji akaleta rauta mpya ndani ya katoni.

"Inapata moto?" mama akauliza.

"Hapana, kukhu," akajibu, akimwita nyanya kwa heshima. "Hii ni mpya."

"Hata mimi nilikuwa mpya. Washa tuone."

Akaiwasha. Mama akaweka kiganja juu yake, akafumba macho. Muuzaji akainamisha kichwa. Wateja waliokuwa nyuma yetu wakavua kofia. Mimi nikatazama sakafu.

"Iko baridi," mama akasema. "Funga tuende."

"Amina," wakaitikia wateja.

Kumbe alikuwa anapima joto tu.

Nyumbani niliifunga mwenyewe, na ikafanya kazi bila kusumbua mtu. Jioni mama akapiga simu.

"Inafanya?"

"Inafanya vizuri, mama."

Akauliza, "Sasa mtakuwa mnaniita kwa sababu gani?"

Nikamwambia aje tu, hata bila sababu. Akasema ana kazi nyingi, labda baada ya mavuno. Alifika kabla ya palizi kwisha, na kuku kwenye kikapu, akidai anapitia tu, yuko njiani kwenda Suam.

Huko Suam hana mtu anayemjua.