Chuma cha Begani mwa Kazungu

Jamani, leo nimepiga kelele kwenye simu mpaka majirani wa hapa Junju wakaja mlangoni.

Sidi, bintiye rafiki yangu Kazungu, alinipigia kutoka hospitali.

“Shikamoo ami. Baba anaingizwa kwenye mashine ya MRI, ile ya sumaku. Mwombee.”

“Amewaambia ana chuma begani?”

“Chuma gani? Wamemuuliza, kasema hana.”

Sumaku hiyo ingekivuta chuma hicho mwilini mwake.

Miaka ya themanini mimi na Kazungu tulikuwa kijijini Adu, tukipima sumaku ya ardhi kutafuta madini. Kabla ya kazi tulisawazisha vyombo viwili vya kupimia, kimoja juu ya mlingoti na kingine chini, ili tofauti ya namba zake iwe ya kuaminika.

Siku moja vilikataa katakata kusawazika. Tukavua saa, mikanda, hata viatu. Kazungu akisogea, namba zinaruka. Akiondoka, zinatulia.

Ndipo akanionyesha kovu begani. Kipande cha patasi kilimwingia akichonga mawe.

“Usimwambie mkubwa, atanifukuza.”

Sikumwambia. Mlingoti aliokuwa akiubeba yeye nikaushika mimi, naye akakaa mbali.

Sasa leo!

“Sidi, kimbia! Wazuie!”

Simu ikakatika. Nikapiga, haipokewi. Nikapiga tena. Jirani ananishikia kiti.

Mwishowe ikalia. Kazungu mwenyewe, kafura.

“Umetoa siri yangu! Wameniteremsha kitandani mlangoni mwa mashine.”

“Ulitaka kufa?”

Akashusha sauti:

“Nilidhani wakijua, watanirudisha nyumbani bila matibabu.”

Nimemtukana, halafu nikalia.

Nyinyi mngemjibu nini?