Mahali pa Kugonga

Watu wakikaa kubishana leo bendi gani ilifuatwa na wengine, na kwa sababu gani, wananichokoza bila kujua. Huyu anasema sauti. Yule anasema sahani za gramafoni zilizotoka Leopoldville. Mwingine anasema vyombo vipya. Aka! Mimi nilikuwa ndani, na mpaka leo jambo hilo linaniwasha.

Tulikuwa watatu pale Kasongo, wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, enzi za Wabelgiji. Yaya wangu, yaani kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alipiga ngoma. Mwenzetu mmoja, mpole kupita kiasi, aligonga chupa kwa kisu. Mimi nilikuwa na gitare na hasira. Jumapili baada ya misa tulipiga uwanjani, na wimbo wetu mmoja, wa mke anayemuuliza mumewe kwa nini kila siku anakula kwa mama yake, ulipendwa sana.

Kisha uzi wa nne wa gitare ukakatika. Madukani, hakuna. Nikajaribu waya wa breki ya baisikeli, ukanichana vidole. Sasa nifanye nini? Kila nilipofika pale uzi ule ulipotakiwa kulia, niligonga ubao wa gitare kwa dole gumba: to! Kuficha aibu tu. Yaya alicheka, "Acha hivyo, iko tamu." Tamu gani? Mimi nilisikia pengo, kama jino lililong'oka, ulimi hauachi kulitafuta. Kila kamiyo iliyoingia mjini niliikimbilia kumwuliza dereva kama ameona nyuzi za gitare huko alikotoka. Madereva wakaanza kunikwepa.

Wakati mimi nahangaika, wimbo ulikwisha kusafiri. Wabeba pamba waliuchukua, na mabinti walioolewa upande wa Kabambare. Tukasikia kwamba kule wanaucheza kila Jumapili, wala hakuna anayetujua sisi. Chema chajiuza, wanasema. Hawasemi kinauzwa kwa jina la nani. Damu ilinichemka. Toka siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu: twende Kabambare, watu wote wajue wimbo ule ni wetu.

Mwishowe dereva mmoja akaniletea uzi kutoka Kindu. Niliufunga palepale barabarani, nikapiga wimbo mzima bila kugonga hata mara moja, nikapiga na kelele za furaha. Tukaomba ruhusa ya safari, maana siku zile hutoki mji wako hivihivi, tukapanda kamiyo iliyokwenda kuchukua pamba. Njia mbaya, dereva mvivu, mimi juu kule sikai kitako.

Kwenye kijiji cha Wamaza tulisimama kutafuta maji ya injini. Wanawake wawili walikuwa wanatwanga muhogo wakiimba wimbo wetu. Na walipofika pale penye pengo, mchi ukagonga ukingo wa kinu: to! Yule mpole wetu akatabasamu. Mimi nikasema, "Mpaka aibu yangu wameichukua! Ngoja wasikie wimbo wenyewe."

Kabambare uwanja ulikuwa umejaa. Sikungoja hata ngoma ipashwe moto. Nikaanza, watu wakaingia kucheza. Tulipofika pale penye pengo, miguu yote ikainuka, ikangoja. Uzi wangu mpya ukalia, laini kabisa. Miguu ikabaki juu. Mzee mmoja akayumba, akamshika jirani. Nikarudia, miguu ikabaki juu tena.

Mama mmoja mwenye sauti kubwa akaja mbele yangu. "Mutoto wangu, munaigiza vizuri, lakini hamujajua bado. Huu wimbo iko wa watu wa Kasongo."

"Mama, siye ndio watu wa Kasongo!"

"Weye? Mutu wa Kasongo anasahau kugonga?"

Wakacheka uwanja mzima. Wakamwita fundi wao wa mbao, mtu mzima, mwenye gitare aliyoichonga mwenyewe. Nikaitazama: nyuzi tano. Pale pa uzi wa nne hakutoboa hata tundu, na chini yake alibandika kibao cha mti mgumu.

"Iko nini hapa?" nikauliza.

Akanitazama kwa huruma. "Hapo iko mahali pa kugonga, ndugu. Gitare ya Kasongo haina uzi pale."

Yaya akaninong'oneza, "Toa uzi, tupige." Sitoi! Nimeutafuta vile, niutoe? Basi fundi akapiga yeye. To! Miguu yote ikashuka pamoja, vumbi likatimka. Nikasikia chupa, kumbe mpole wetu alikwisha kumfuata. Mara ngoma. Hata yaya! Nikabaki nimesimama na gitare yangu nzima, nataka kulia, nataka kupiga mtu.

Fundi, kwa heshima zake, akanipa gitare yake. "Jaribu basi. Polepole."

Polepole! Mimi! Niliinyakua. Vidole vilijua njia, dole gumba likaangukia kile kibao, na mlio wake ulikuwa mzuri kuliko wowote nilioupata Kasongo. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Uwanja ukalipuka. Yule mama akamgeukia fundi kwa vigelegele: "Umemufundisha vizuri!"

Fundi alitikisa kichwa kukataa, mtu mwema yule. Nikafungua kinywa niwaambie wimbo ni wangu, na pale pa kugonga pakafika tena, nikagonga.