Kidonge Kilichopunguzwa kwa Mkasi

Baba yangu ni fundi cherehani, na kwa miaka arobaini na mmoja hajawahi kukutana na kitu kilichotengenezwa vizuri na mtu mwingine. Shati la dukani lina mabega mapana. Suruali ya dukani imeshonewa mtu ambaye hajazaliwa. Hata mlango wa nyumba yetu aliupunguza mwenyewe kwa randa, na tangu siku hiyo upepo unaingia bila kubisha hodi. Mtaani wanamwita Sentimita, naye amelipokea jina hilo kama cheo.

Mimi ni binti yake wa pekee, na kazi yangu ni kuuza dawa. Kutwa nzima nakaa nyuma ya dirisha nikiwaambia watu: hii kutwa mara tatu, hii baada ya kula, hii maliza dozi hata ukijisikia nafuu. Wananisikiliza kama wako mbele ya hakimu. Asiyenisikiliza ni mmoja tu, na ndiye ninayempikia chai.

Miaka miwili iliyopita alikutwa na presha, akaandikiwa kidonge kimoja kwa siku, kile cha kuyeyuka polepole. Alikiweka kiganjani akakigeuzageuza.

"Hiki wamekitengeneza kwa kipimo cha nani?"

"Cha watu wazima, Baba."

"Watu wazima gani? Yule muuza nyama ni mtu mzima. Suruali yake mimi naingia mguu mmoja na nafasi inabaki."

Nilicheka. Hilo ndilo lililokuwa kosa langu la kwanza.

La pili lilikuwa kutotumia macho. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nafuta unga mweupe kwenye meza yake ya kukatia, nikidhani ni chaki. Chaki ya baba ni ya bluu. Mimi msomi wa dawa, mwenye cheti ukutani, nilifuta dawa kwa kitambaa nikaikung'uta nje, mpaka siku nilipomkuta amekishika kidonge kwa vidole viwili, mkasi wa matundu ya vifungo mkononi.

"Nimekipunguza tu," alisema. "Nusu asubuhi, nusu mchana. Kinanikaa vizuri."

Nikavuta kigoda. Nikamweleza kwamba kidonge kile hakimwagi dawa yote kikifika tumboni. Kimetengenezwa kiachie kidogo kidogo, asubuhi mpaka asubuhi. Dawa inapita kwenye utumbo, ini linavunja sehemu yake, inayobaki inaingia kwenye damu na kulegeza mishipa. Ukikikata, dawa ya saa nyingi inatoka kwa mkupuo. Mishipa inalegea kupita kiasi, presha inaporomoka, na ikifika usiku dawa imekwisha, presha inapanda tena.

Baba alifikiri. "Kwa hiyo ni kama upindo. Ukikata uzi, wote unafumuka."

"Hivyo hivyo, Baba!" Nilifurahi kama mwalimu ambaye mjinga wa darasa amejua kusoma.

"Ndiyo maana mimi nakata katikati, sigusi pembeni."

"Sikio la kufa halisikii dawa," nikamwambia.

"Dawa inakwenda tumboni, mwanangu. Sikio halihusiki."

Nikarudi dirishani kichwa kikigonga, nikameza vidonge viwili vya maumivu kwa chai iliyopoa, nimesimama. Mwaka mzima kichwa kilikuwa kinaniuma kisogoni kila jioni, na sababu yake niliijua: ilikuwa inavaa futi ya kupimia shingoni.

Kisha ikaja Jumanne. Jumatatu baba alikuwa amesahau dawa, kwa hiyo akaamua kufidia. Alikata vidonge viwili, akapata vipande vinne, akavimeza vyote kwa pamoja. Mteja aliyekuja kuchukua sare za watoto alimkuta sakafuni kando ya cherehani, akanikimbilia dirishani. Niliacha foleni ya watu na kabati wazi, nikakimbia peku. Baba alikuwa baridi, amelowa jasho, midomo imepauka. Niliogopa. Hapo sina utani wa kutia: nilimwinua miguu huku nalia, namwita kama mtoto aliyepotea sokoni.

Zahanati wakamlaza, wakamtundikia maji, na kufikia alasiri alikuwa ameshaanza kulaumu mshono wa shuka. Muuguzi alipomaliza kumpima presha, baba akanyoosha kidole.

"Mpime na huyu."

"Baba, mimi siumwi."

"Kichwa kinamuuma kila jioni, mwaka mzima. Anajitibu kwa chai. Mimi angalau dawa nilimeza nusu."

Nilitoa mkono ili tu anyamaze. Muuguzi akapima, akatazama namba, akahamia mkono wa pili. Tabasamu lake likaondoka. "Dada, hii imepanda kuliko ile ya mzee siku aliyoandikishwa hapa."

Mimi ndiye ninayewaambia watu kila siku kwamba presha haipigi hodi, wapime hata kama hawaumwi. Mashine ya kupimia iko dukani kwangu, chini ya kaunta, hatua moja kutoka kwenye kiti changu.

"Mganga hajigangi," baba alisema. Hakucheka. Alinishika mkono uleule uliotoka kupimwa, akauzungushia vidole vyake kama anayechukua kipimo.

Siku hizi mkasi wa matundu ya vifungo nimeufungia kwenye kabati la dawa, na kila asubuhi mezani kuna bilauri mbili na vidonge viwili, changu na chake, vizima. Baba hamezi mpaka aone nimemeza. Juzi nilikuwa na haraka, nikakitia changu mfukoni nikasema nitameza kazini. Alisimama mlangoni, ule alioupunguza mwenyewe, akauziba wote.

"Meza hapa," akasema. "Halafu fungua mdomo nione."

Nikameza. Nikafungua.