Barua Pepe Zilizomuudhi Meneja

Siku ya kwanza kazini, Mbeya, nilimkuta Mkuu wa Ofisi, mama wa Kinyakyusa, anaisonya kompyuta. Vyeti hakuuliza. "Mwanangu, meseji ni ya dereva, barua pepe ni ya bosi. Ukivichanganya utalia."

Nilikuwa karani wa usafirishaji. Nilipanga siku ya wakulima kuchuma parachichi na siku ya gari la ubaridi kuja kuzoa. Parachichi haliivi mtini. Likishachumwa ndipo linaanza kulainika, kwa hiyo gari likichelewa mmekwisha.

Mama yule alinifundisha barua ya uthibitisho. Mkubwa akiagiza kitu kwa simu au kwenye grupu, unamwandikia hapohapo barua pepe: umesema hivi, nami nafanya hivi. Mistari miwili. Niliandika hivyo miaka minne, hakuna aliyenuna.

Nikahamishiwa Iringa, ofisi ya Kihesa, chini ya Meneja wa Kanda, ambaye magari aliyapanga mwenyewe. Barua ya kwanza tu, akawaka. Kwao mtu mzima akishasema, kumrudishia maneno yake kwa maandishi ni kumwambia humwamini.

"Binti, unanitengenezea kesi?"

"Hapana, baba. Ni utaratibu."

"Utaratibu wa hukohuko Mbeya. Hapa tunaongea kwenye grupu, kama ndugu."

Madereva wakanibatiza Hakimu, wakawa wananisalimu kwa Kihehe. "Kamwene, Hakimu! Leo tumefungwa miaka mingapi?" Nilicheka nao, na kuandika sikuacha.

Mwanangu alikuwa na miezi mitano Meneja alipoandika kwenye grupu: wachume kesho. Nikathibitisha kwa barua pepe, wakulima wakachuma. Kumbe gari lilikuwa gereji na yeye hakuuliza. Siku ya tatu ukibonyeza parachichi, kidole kinazama. Nafungua grupu, meseji yake ameifuta.

Mkurugenzi akaja, anataka kujua nani aliagiza, aondoke leo. Meneja akaninyooshea kidole bila haya: "Huyu, tangu ajifungue, akili yote iko kwa mtoto."

Hasira ile haijaniisha hadi leo. Mtoto ninaye mgongoni, na mtu mzima anamtumia kufichia uzembe wake! Nilimgeuzia Mkurugenzi kompyuta, barua yangu ya uthibitisho ikiwa wazi. Akasoma agizo, tarehe na saa.

"Meneja, hii ulitumiwa. Hukuiona?"

"Barua pepe zake siku hizi sifunguagi, mzee."

Yeye alipewa onyo. Mimi niliambiwa, "Mama, kamnyonyeshe mtoto, halafu uje tupange gari."

Nilikaa Kihesa miaka mingine mitatu, kwa raha tu. Nimeacha kwa hiari, nina kitalu changu cha miche, na jina langu ni safi.

Ninyi mnaoanza, "gari limefika" litumeni kwa meseji, linatosha. Jambo ambalo mtu anaweza kulikana kesho, liandikieni barua pepe, hata kama mkubwa atanuna. Atanuna wiki moja, umwamkie kwa adabu, yataisha. Usipoandika, utarudi nyumbani na mtoto mgongoni na kosa la mtu mwingine kichwani.